Kulinda Bustani ya Kambi Bila Kufyatua Risasi

Nyuma ya nyumba za askari, karibu katika kila kambi ya jeshi na kila laini ya polisi nchini Uganda, pana vipande vya ardhi visivyoonekana katika ramani yoyote ya kikosi. Hapo ndipo wake zetu, na askari wenyewe wanapokuwa mapumzikoni, hulima kabichi, sukuma wiki, dodo, nyanya, vitunguu, maharage na mistari michache ya mahindi. Mshahara hununua unga, sare za shule na madaftari. Bustani ndiyo itoayo kitoweo. Mtu asiyepata kuishi laini huenda akazidharau bustani hizo. Lakini sisi tujuao jinsi nyumba ya askari inavyokuwa baada ya tarehe 20 ya mwezi, fedha zikiwa zimekwisha na nyingine hazijafika, twajua thamani ya tuta moja la mchicha.

Bustani hizo zina adui. Hatumsemi mwizi wa kibinadamu, maana huyo twajua la kumfanya. Twamsema nguruwe mwitu, nungunungu, nyani, tumbili na kanga. Na mahali palipo karibu na hifadhi au ziwa, hata kiboko, nyati na ndovu. Kazi ya miezi mitatu huliwa kwa usiku mmoja, na asubuhi mwenye bustani husimama na jembe lake mkononi asijue aanzie wapi.

Miaka michache iliyopita tulitumwa kwa kazi yetu ya habari katika kambi moja ya magharibi, ambayo upande wake mmoja unatazamana na msitu wa hifadhi. Hatutaitaja kambi hiyo wala mtu yeyote wa huko. Tulikwenda kuandika habari za mashindano ya michezo, tukarudi na habari nyingine. Siku tuliyofika, koplo mmoja, askari ambaye hakuwa na doa katika utumishi wake, alikuwa amefikishwa mbele ya mkuu wake kwa kosa la kufyatua risasi 3 bila amri. Usiku uliotangulia alikuwa katika zamu ya lindo, na bustani ya mkewe ilikuwa hatua kama 60 kutoka hapo alipokuwa amesimama. Alisikia nguruwe wakivunja mahindi. Wiki ile ilikuwa mara ya nne. Akaelekeza bunduki gizani, akapiga.

Nguruwe walikimbia. Kulipopambazuka, risasi moja ilionekana ilikopita: ilikuwa imetoboa bati la nyumba ya jirani, shubiri moja juu ya kitanda walicholalia watoto wawili. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo Mungu ashukuriwe.

Koplo alipoulizwa kwa nini alifanya vile, hakuleta hadithi ndefu. Alisema, "Afande, nilitaka mtoto wangu arudi shule." Ndipo mambo yote yakajulikana. Nguruwe walikuja usiku, nyani walikuja mchana. Mama alikuwa ananyonyesha mtoto mchanga. Hivyo binti yao wa miaka 11 alikuwa amekaa bustanini wiki tatu nzima, tangu alfajiri hadi magharibi, akiwafukuza nyani kwa mawe, ilhali wenzake wakisoma. Koplo alivuliwa cheo. Sisi hatubishi juu ya adhabu hiyo, maana risasi ya serikali si ya mahindi, na bati si ngao. Lakini jibu lake halikututoka, na ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Kwanza tuseme wazi kwamba bunduki imekwisha kujaribiwa katika jambo hili, tena na watu wenye risasi nyingi kuliko koplo yule. Idara ya Wanyama ya Uganda ilipoundwa katika miaka ya 1920, sehemu kubwa ya kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwapunguza ndovu walioharibu mashamba. Mkuu wake tangu mwaka 1925 hadi 1951, Kapteni Charles Pitman, alikuwa mtu wa jeshi. Ndovu waliuawa kwa maelfu katika miongo hiyo, na bado mashamba ya mipakani mwa misitu yaliendelea kukanyagwa. Kisha ikaja miaka ya 1970, bunduki zikawa nyingi na nidhamu ikawa chache. Hatuna budi kukiri, kwa kuwa tunazungumza sisi kwa sisi, kwamba wengi wa waliowamaliza wanyama wakati ule na katika vurugu zilizofuata vita vya mwaka 1979 walikuwa wamevaa sare. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndovu wa nchi nzima walikuwa wamebaki wapatao 2,000 tu, kutoka makumi ya maelfu. Iliwachukua muda mrefu kuongezeka tena. Hesabu ya mwaka 2014 iliwakuta wapatao 5,000.

Je, mwenye bustani alipata nini katika mauaji hayo? Nguruwe na nyani hawana pembe ya kuuzwa, kwa hiyo wawindaji wa pembe hawakuwa na shughuli nao. Aliyewindwa sana ni chui, kwa ajili ya ngozi yake, na chui ndiye mnyama ambaye usiku kucha huwatafuta nguruwe na nyani ili awale. Tulimwua askari wa lindo, kisha tukalalamika kwamba wezi wamezidi.

Siku hizi sheria nayo ni kali. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1996, ndiyo yenye dhamana ya wanyama hao, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 imeweka adhabu inayoweza kufika kifungo cha maisha kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini kutoweka. Wapo wanaosema kwamba nyani, tumbili na nguruwe mwitu walihesabiwa kwa miaka mingi kuwa wanyama waharibifu. Ni kweli. Lakini hata wakati huo aliyeruhusiwa kuwaua ni mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo na wenye mamlaka, wala si askari aliye zamuni, kwa risasi alizohesabiwa ghalani.

Basi tufanye nini? Tufanye kama tulivyofundishwa kumfanya adui yeyote. Kwanza tumjue.

Ajabu ni kwamba askari anayeweza kusoma nyayo za mtu aliyepita jana, hushindwa kusoma tuta la viazi lililo nyuma ya nyumba yake. Nguruwe mwitu huja usiku, aghalabu kwa kundi. Huacha udongo umepinduliwa kama kwa jembe, mabua yamelazwa na kutafunwa, na alama za kwato zilizopasuka. Nungunungu huja peke yake au wawili, hutafuna shina karibu na ardhi, hufukua muhogo na viazi vitamu, hula boga upande mmoja na kuliacha. Mara nyingine huacha mwiba wake kama saini. Nyani huja mchana, hasa asubuhi na mapema, au saa ya chakula watu wanapoingia ndani. Gunzi lililomenywa vizuri kama kwa mkono wa mtu na kutupwa pembeni ni kazi yake. Tumbili huuma nyanya moja, akaitupa, akachuma nyingine, na hiyo ndiyo hasara inayokasirisha kuliko zote, kwa kuwa alichokula hakifiki robo ya alichoharibu. Kiboko hutoka majini usiku na hupenda kupita njia ile ile kila mara. Wayo wake mpana wa vidole vinne haufichiki. Kanga hufukua mbegu zilizopandwa jana. Tumepata kuona nyumba moja ikimlaumu mwuza mbegu misimu miwili, kumbe mbegu zilikuwa nzuri mno na kanga walikwisha kulijua hilo.

Baada ya adui, ardhi. Kuzunguka msitu wa Kibale, mtafiti Lisa Naughton-Treves alifuatilia mashamba 93 katika vijiji sita kwa miaka miwili ya 1990. Aliona kwamba uharibifu wa wanyama wa msituni ulikuwa katika ukanda mwembamba, nusu kilomita tu kutoka ukingo wa msitu. Ndani ya ukanda huo wakulima walipoteza kwa wastani asilimia 4 hadi 7 ya mazao kwa msimu. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, lakini mtafiti huyo huyo alieleza kwamba hasara haikugawanyika sawa: mashamba mengine ya mahindi na muhogo yalifutika kabisa. Wastani ni faraja ya mtu aliye ofisini. Aliye pembeni mwa msitu hali wastani, hula kilichobaki.

Kwa hiyo mahali pa kuweka bustani ni nusu ya ulinzi wake. Mahindi, viazi vitamu, maboga na kabichi visogezwe karibu na nyumba, mahali penye watu, mbwa na moshi. Kichaka kilicho kati ya bustani na msitu kifyekwe, ubaki uwanda mtupu wa hatua kama 30, maana nyani na tumbili hawapendi kuvuka peupe wakionekana, na nguruwe hupenda kichaka cha kukimbilia. Upande wa nje zipandwe zile ambazo wanyama wengi huzikataa: pilipili kali, vitunguu, vitunguu saumu, tangawizi. Tunaongeza neno moja juu ya pilipili, tulilojifunza kwa gharama yetu wenyewe. Ukali unaomfukuza nyani hausikiki kabisa katika kinywa cha ndege. Tulipanda mstari mzuri wa pilipili, nyani wakaukwepa, na ndege wakaumaliza.

Sasa tuje kwenye vizuizi. Katika chuo cha makadeti tulifundishwa kanuni moja: kizuizi kisichotazamwa si kizuizi. Seng'enge na handaki humchelewesha adui tu. Anayemsimamisha ni askari anayevitazama. Hatukudhani wakati ule kwamba tutaikumbuka kanuni hiyo mbele ya matuta ya kabichi, lakini kila tulichokiona tangu hapo kimeithibitisha.

Litazame handaki la ndovu, ambalo limechimbwa mahali pengi mipakani mwa hifadhi zetu, likiwa na upana na kina cha kama meta 2. Ndovu haruki, na handaki zima humzuia barabara. Lakini mvua huporomosha kingo, na ndovu mwenyewe hujua kusukuma udongo ukajaa. Handaki lisilokarabatiwa kila baada ya masika huwa daraja. Nyani, kwa upande wake, hulipita kama mtoto apitavyo mtaro. Litazame tena boma la mawe ya volkano huko Mgahinga, upande wa Kisoro, lililojengwa kuwazuia nyati wasiingie mashambani. Jiwe likianguka na kuachwa, la pili halikawii. Seng'enge ya umeme, ambayo katika miaka ya karibuni imesimamishwa sehemu kadhaa kandokando ya hifadhi za Queen Elizabeth na Murchison, humpiga mnyama kwa mshtuko mfupi usioua. Hiyo nayo hufa kimyakimya majani yakikua na kuugusa waya, kwani umeme hupotelea ardhini. Na ndovu wajanja huangusha nguzo badala ya kugusa waya. Anayefyeka majani chini ya waya ndiye mlinzi, waya ni chombo chake tu.

Bustani ya kambi haihitaji handaki la ndovu wala haina fedha za umeme. Kwa nguruwe na nungunungu, wavu wa waya mgumu wafaa, lakini uzikwe chini ya ardhi kiasi cha dhiraa moja, la sivyo watapita chini yake usiku wa kwanza. Pasipo na waya, ua wa miiba uliopandwa kwa kubanana hutosha, kama walivyofanya wenyeji wa kandokando ya Bwindi kwa mti uitwao mwiba wa Mauritius. Hasara yake ni kwamba huchukua misimu kadhaa kukomaa, na usipopogolewa hugeuka kichaka cha kuwafichia wezi wale wale. Kiboko, pamoja na ukubwa wake wote, si mrukaji. Magogo yaliyolazwa imara kufika gotini mwa mtu mara nyingi humgeuza akatafuta njia nyingine.

Kwa ndovu iko njia ya nyuki, iliyotokea kwa jirani zetu wa Kenya. Lucy King na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba ndovu hukimbia wakisikia sauti ya nyuki waliochokozwa, ndipo wakabuni uzio wa mizinga inayoning'inizwa kila baada ya meta 10, ikiunganishwa kwa waya, ili ndovu akiusukuma mizinga yote itikisike. Huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, ndovu walio wengi waliokaribia uzio huo walirudi nyuma, na wenye mashamba wakapata asali. Lakini miaka ya ukame nyuki huhama, na mzinga mtupu hautishi. Ni kanuni ile ile. Pilipili iliyosagwa, ikachanganywa na oili chafu na kupakwa kwenye kamba, au ikachanganywa na kinyesi cha ndovu na kuchomwa ili itoe moshi, imetumika tangu Zimbabwe hadi kwetu, nayo husaidia. Mvua ikinyesha, paka tena.

Tumefika sasa palipo kiini cha jambo: nani atazame? Katika laini nyingi kila nyumba hulinda kivyake. Nyumba kumi zina bustani kumi zilizotawanyika, na watu kumi hukesha vibaya, au watoto kumi hukosa shule. Ofisa asiyeweza kuona kosa la mpango huo hastahili kupewa hata platuni. Bustani ziunganishwe ziwe kipande kimoja chenye mzingo mmoja, kisha ijengwe ulingo mmoja, yaani dungu lile ambalo babu zetu walilitumia kuamia mtama, mahali ambapo mlinzi aona pande zote. Kila nyumba itoe mtu mzima kwa zamu. Nyumba kumi zamaanisha usiku mmoja kati ya kumi, na hakuna askari atakayesema huo ni mzigo.

Tunasisitiza mtu mzima. Wakulima wengi watakueleza kwamba nyani hupima anayewafukuza. Mtoto hawamwogopi sana, na dume kubwa la nyani laweza kumjeruhi. Kando ya misitu yenye sokwe hatari ni kubwa zaidi, maana wamepata kuwashambulia watoto. Mlinzi awe na kombeo, debe, tochi na mbwa. Asitumie silaha moja kila siku. Debe lililopigwa saa ile ile wiki mbili huwa kwa nyani kama kengele ya chakula, na sanamu la kutisha ndege lisilohamishwa, tumeona kwa macho yetu kanga wamepumzika kivulini mwake.

Sumu tusiiguse. Sumu iliyowekwa kwenye boga haichagui kati ya nungunungu, mbwa wa jirani, kuku na mtoto anayetambaa. Mitego ya nyaya ni kosa la jinai, na miguu inayonaswa mara nyingi si ya mnyama aliyekusudiwa.

Hasara ikitokea, iandikwe. Sheria ya mwaka 2019 imeweka mpango wa fidia kwa vifo, majeraha na uharibifu unaofanywa na wanyama waliotajwa ndani yake wakiwa nje ya hifadhi. Si kila mnyama yumo. Yafaa kuwaita askari wa hifadhi mapema, kabla nyayo hazijafutika, na askari polisi wanaopokea taarifa hizo waziandike kwa uzito wanaoutoa kwa wizi wa ng'ombe. Iko pia asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini ambayo hurudishwa kwa jamii zinazopakana nazo. Mahali fulani fedha hizo zimejenga madarasa, nasi twaona lingekuwa jambo la maana zaidi zikijenga pia nyua za mipakani.

Mwaka uliofuata tulipita tena katika kambi ile. Nyumba tisa zilikuwa zimeunganisha bustani zao, kwa shauri la sajini meja ambaye, twaambiwa, hakuomba bali aliamuru. Wavu ulikuwa umezikwa upande wa msitu, uwanda umefyekwa, na ulingo wa miti ulisimama katikati. Juu yake alikaa askari aliyekuwa likizoni, redio ndogo ubavuni na kombeo shingoni. Alitueleza kwamba nguruwe hawajaingia tangu masika. Nyani walikuwa wamechukua mstari mmoja wa mahindi Jumapili iliyopita, wakati mlinzi wa zamu alipokwenda kutazama mpira.

Yule aliyekuwa koplo alikuwa kazini nje ya kambi. Mkewe tulimkuta akipalilia vitunguu, mtoto mgongoni. Tulimwuliza alipo yule binti. Ilikuwa Jumatano, saa nne za asubuhi. Mama hakuinua kichwa. Alielekeza jembe upande wa barabara, ilipo shule, akaendelea kupalilia.